Uliza Mkalimani: "Daktari kaandika nini hapa?"

Haya jamani, mwezi huu barua zimenizidi. Toleo lililopita nilidokeza tu kwamba nimekaa mahakamani kama mkalimani miaka na miaka, na kwamba ripoti za madaktari zimenitoa jasho kuliko hata matusi ya mashahidi, nikadhani watajitokeza wawili watatu, kumbe kila nyumba ina karatasi ya hospitali imekunjwa kwenye bahasha inasubiri kesi. Nimechagua nane, nikazifupisha na kuondoa chochote kinachoweza kumtambulisha mtu.

Kitu kimoja nimekiona karibu kwenye zote. Neno gumu la Kilatini halimsumbui mtu sana, maana akilikuta anajua kabisa kwamba hapa sijui, anaenda kuuliza. Linalomponza ni lile jepesi, analisoma anatikisa kichwa kama kaelewa, afu anakuja kushtuka kizimbani. Na kabla hamjanirushia mawe, mi si daktari wala si wakili, ninachojua ni maneno na ninavyoyaona yakitumika, kesi yenyewe mpelekee wakili wako.

*Shikamoo mkalimani. Baba yetu aligongwa na gari akavunjika paja, akalazwa karibu wiki tatu akafariki. Cheti cha kifo kimeandikwa "moyo kusimama", basi. Watu wa bima wanasema mzee kafa kwa ugonjwa wa moyo siyo ajali, hawalipi. Tufanyeje? — Kitinda mimba wa marehemu*

Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Sa hebu niambie, umewahi kuona maiti ambayo moyo wake bado unadunda? Moyo kusimama siyo ugonjwa, ni jinsi kila mtu anavyokufa, aliyeliwa na simba moyo wake umesimama na aliyefia usingizini na miaka yake mia umesimama vilevile. Kwa hiyo daktari aliyeandika hivyo akaishia hapo hajasema uongo, ila hajasema kitu. Ugonjwa wa moyo ni habari nyingine kabisa, hapo angeandika kwa mfano shambulio la moyo, yaani mshipa unaoulisha moyo umeziba na nyama ya moyo ikafa.

Fomu ya sababu ya kifo inayofuatwa na nchi nyingi ni ile ya Shirika la Afya Duniani, na ina ngazi. Mstari wa juu ni kile kilichomwondoa mtu mwishoni kabisa, wa pili ni kilicholeta hicho, wa tatu ni kilicholeta hicho cha pili, hivyo hivyo unashuka, na ule wa chini kabisa uliojazwa ndo sababu ya msingi, yaani ugonjwa au jeraha lililoanzisha msururu mzima. Kwa hiyo karatasi hiyo inasomwa kutoka chini kwenda juu, na watu wengi, mawakili wakiwemo, wanasoma mstari wa kwanza wanafunga faili. Chukua mtu aliyevunjika paja akalala kitandani wiki tatu, kuna msururu ambao madaktari wanaujua vizuri sana: damu inaganda kwenye mishipa ya mguu kwa sababu mguu haufanyi kazi, donge linachomoka linasafiri hadi mapafuni linaziba, mtu anakata roho ghafla wakati nyie mlishaanza kupanga nani aje kumchukua. Hapo juu pataandikwa donge la damu kwenye mapafu, chini yake donge kwenye mishipa ya mguu, na chini kabisa mvunjiko wa paja kwa kugongwa na gari.

Sisemi ndicho kilichompata mzee, sijaliona faili. Nasema ombeni nakala ya faili lote la wodini, na ripoti ya uchunguzi wa maiti kama ulifanyika, na wakili wenu amwandikie daktari aliyesaini amuulize mistari ya chini ni nini na mbona ameiacha wazi. Fomu hiyo ina na sehemu ya pili, ya magonjwa yaliyochangia bila kuwa ndani ya msururu, labda mzee alikuwa na sukari au presha, na watu wa bima wanapenda sana kuisoma sehemu hiyo kama ndo sababu yenyewe. Siyo.

Mnamkumbuka George Floyd, yule aliyekandamizwa goti shingoni na polisi kule Minneapolis tarehe 25 Mei 2020? Ripoti ya mchunguzi wa vifo ilianza na maneno hayo hayo ya kwenu, moyo na mapafu kusimama, ila haikuishia hapo, ikaendelea kwamba ilitokea wakati polisi wanamdhibiti na kumbana shingo. Utetezi ukang'ang'ania moyo mbovu na dawa za kulevya, mashtaka wakaleta daktari bingwa wa mapafu akaeleza pumzi kwa pumzi jinsi oksijeni ilivyomwishia, na tarehe 20 Aprili 2021 jopo la raia linaloamua kesi kule kwao likamtia hatiani Derek Chauvin. Afu kuna kisanduku cha namna ya kifo, ambacho kwa Marekani huwa kina majibu matano: maradhi, ajali, kujiua, kusababishwa na mtu mwingine, au haijajulikana. Cha Floyd kilijazwa hilo la nne, na nilisikia wengi wakilitafsiri "mauaji". Mkalimani ukisema mauaji umeshahukumu, wakati daktari hapo hasemi kosa limetendwa, anasema tu mkono wa mtu mwingine umehusika, kosa au siyo kosa ni kazi ya mahakama.

*Kwenye faili langu kuna OD sehemu tatu. Wakili wa upande wa pili anasema nilizidisha dozi makusudi. Sijawahi! — Mwenye miwani*

Hilo jina ulilojipa limenisaidia. OD inaweza kuwa mtu kazidisha dozi, inaweza kuwa dawa inywe mara moja kwa siku, na kwa madaktari wa macho ni jicho la kulia, Kilatini hicho. Angalia imekaa ubavuni mwa nini, ikifuata jina la dawa na kipimo chake ni maelekezo ya kunywa, ikiwa kwenye vipimo vya kuona ni jicho. NAD nayo ni hivyo hivyo, mmoja anaandika akimaanisha hakuna kasoro iliyoonekana, mwingine anamaanisha mgonjwa hayuko kwenye hali ya kutisha, na hivyo ni vitu viwili. SOB msikasirike, siyo tusi, mtu anapumua kwa shida. Wakili wako asikubali kifupisho kisomwe mbele ya hakimu kabla aliyekiandika hajasema alimaanisha nini.

*Dada, naandika nikitetemeka. Miaka miwili iliyopita mimba iliniharibikia nikasafishwa hospitali. Sasa mimi na mume wangu tunaachana, na wakili wake katoa karatasi imeandikwa "abosheni isiyokamilika". Mama mkwe kasimama kasema nimemuua mjukuu wake. — Sitaji jina*

Mdogo wangu, pole, na hii nitaijibu kwa kirefu maana siyo wewe peke yako.

Kiswahili chetu kilishamaliza ugomvi huu zamani, tuna mimba kuharibika na tuna kutoa mimba, maneno mawili, mtoto wa darasa la saba anayatofautisha. Lugha ya hospitali haikufanya hivyo. Kwao abosheni ni mimba yoyote iliyokwisha kabla mtoto hajafikia umri wa kuweza kuishi nje ya tumbo, iwe imejiharibikia, iwe imetolewa, yote wanaweka kapu moja afu ndo wanaongeza neno la pembeni. Kuna inayotishia, yaani damu inatoka lakini mimba bado ipo. Kuna iliyofia ndani mama hajui. Kuna iliyokamilika, imetoka yote. Na kuna isiyokamilika, hiyo yako, maana yake sehemu imetoka na sehemu imebaki tumboni, ndo maana ukasafishwa. Neno "isiyokamilika" linasema tu kwamba kuna kilichobaki ndani, halisemi hata kidogo nani alianzisha. Mkweo kasikia "isiyokamilika" akadhani ulianza kazi ukashindwa kuimaliza.

Sa cha kufanya. Mwambie wakili wako atafute kwenye faili neno "yenyewe" au "ya asili" karibu na hiyo abosheni. Pia hospitali nyingi zinaweka misimbo ya magonjwa ya kimataifa, yaani herufi na namba za kutambulisha kila ugonjwa, kwenye ule mpangilio wa toleo la 10 mimba iliyojiharibikia ni O03 na iliyotolewa kitabibu ni O04, herufi moja na namba mbili tu lakini hapo kesi inageuka. Angalia na maelezo ya daktari wa kwanza aliyekupokea, je aliandika dalili zozote za kuchokonolewa? Kama hakuna, aseme hakuna, kwa barua yenye saini. Na jiandae kwa hili: ukiwahi kupata mimba nyingine watakuandika G na namba (mimba zote ulizopata), P na namba (mara ulizozaa), na A na namba, hiyo A ni hesabu ya mimba zilizokwisha mapema, za aina zote mbili, isije ikatolewa tena siku nyingine ikakuliza upya. Madaktari wengi siku hizi wameacha kulitumia neno hilo kwa mimba iliyojiharibikia, kwa sababu hii hii ya kuwaumiza wanawake, ila mafaili ya zamani na madaktari wa zamani bado wapo.

Na neno "kusafishwa" la kwetu nalo siyo malaika, linatumika kwa yote mawili. Ukiulizwa, sema mimba iliharibika yenyewe na daktari akaondoa mabaki. Usiseme nilisafishwa ukanyamaza.

*Kaka yangu alipigwa na chuma kichwani. Ripoti inasema jeraha "dogo" la ubongo, alama 15 kati ya 15. Aliyempiga anatucheka, anasema kapata mia kwa mia. Lakini kaka tangu siku ile anasahau, anafoka ovyo, mwanga unamuumiza. — Dada mtu*

Hizo alama siyo mtihani wa ubongo wote. Ni kipimo cha kuangalia mtu yuko macho kiasi gani, walikitoa Graham Teasdale na Bryan Jennett wa Glasgow mwaka 1974, macho yanapewa hadi 4, kuongea hadi 5, kujongea hadi 6, jumla 15, na ya chini kabisa ni 3 kwa sababu kila sehemu inaanzia 1, kwa hiyo hata maiti ukiipima inapata 3. Kaka yako kupata 15 maana yake saa ile alifungua macho mwenyewe, akaongea akaeleweka, akatii alipoambiwa inua mkono. Kuanzia 13 hadi 15 wanaita dogo, 9 hadi 12 la kati, 8 kushuka ni kubwa. Hilo "dogo" ni la saa zile za kwanza, halitabiri miezi sita ijayo. Na skani inaweza kuwa safi kabisa na mtu bado anaumwa, wengi wanapona ndani ya wiki chache lakini wapo wanaobaki na kichwa kuuma, hasira na usahaulifu kwa miezi. Anayeandika "dogo" anapanga daraja, anayesikia "dogo" anasikia hakuna kitu, na wakili wa yule bwana anaishi katikati hapo. Mpelekeni apimwe kumbukumbu na umakini na mtaalamu wa mambo hayo, na mtu wa kazini kwake aje aeleze alivyokuwa kabla na alivyo sasa, kwa mifano, siyo "amebadilika" tu.

*Habari mkalimani. Nilianguka kazini kutoka juu ya ngazi. Skani ya mgongo inasema kuna "mabadiliko ya uchakavu". Mwajiri kashika hapo hapo, eti mgongo ulikuwa mbovu siku zote. Nina miaka 46 na sijawahi kukosa kazi kwa mgongo hata siku moja. — Fundi*

Fundi, uchakavu wa pingili za mgongo ni kama soli ya kiatu, kila anayetembea inalika. Ukiwachukua watu wa umri wako wasioumwa popote ukawapitisha kwenye skani, wengi utawakuta na kitu cha kuandika. Kwa hiyo picha inasema soli imelika, haisemi ilikuwa inakuuma kabla, na haisemi lolote kuhusu ngazi.

Hapo kuna maneno ambayo daktari wako lazima ayatenganishe, maana kwenye ripoti nyingi yanavuruganishwa. Kuna hali iliyokuwepo kabla. Kuna hali hiyo kuamshwa kwa muda afu ikatulia ikarudi ilipokuwa. Na kuna hali hiyo kuzidishwa jumla, hairudi tena. Fidia ya la pili na la tatu haifanani hata kidogo, na utashangaa jinsi daktari anavyoweza kuchagua neno moja kati ya hayo bila kufikiria, kwa sababu kwake tiba ni ile ile.

Na hata kama mgongo ulikuwa dhaifu, nchi zilizorithi sheria ya Uingereza zina kanuni wanayoiita ya fuvu la ganda la yai: uliyemuumiza unamchukua alivyo, akiwa na fuvu jembamba usijitetee kwamba mwingine asingevunjika. Kuna kesi yao maarufu, Smith dhidi ya kampuni ya Leech Brain, fundi alirukiwa na tone la madini ya moto mdomoni, kidonda kidogo tu, lakini pale kwenye ngozi palikuwa na hali iliyokuwa inaelekea saratani, ikawaka, akafa miaka mitatu baadaye, na mwajiri akaambiwa alipe kwa kifo, siyo kwa kidonda.

Ila naomba unisikilize kwenye neno moja la kwetu, "inawezekana". Hili limenitesa. Daktari anayeandika kwa Kiingereza ana neno la kitu kinachoweza kutokea hata kama ni kwa bahati ya mbali, na ana neno lingine la kitu ambacho kuna uwezekano mkubwa kikawa kuliko kisiwe. Mkalimani akichoka yote mawili anayafanya "inawezekana". Kwenye kesi ya madai kama yako la kwanza halikusaidii, la pili linakushindia, kwa sababu mizani inatakiwa ilalie upande wako hata kwa unyoya. Kwenye kesi ya jinai hata hilo la pili halitoshi, maana kule wanataka shaka yote ya maana iwe imeondoka. Kwa hiyo daktari wako asimame aseme wazi, kwa maoni yangu maumivu haya yametokana na kuanguka kuliko kutokana na kitu kingine, na aeleze kwa nini, kwa mfano hakuna rekodi ya kuumwa kabla na maumivu yalianza siku ile ile.

*Nilifanyiwa upasuaji wa tezi ya shingo, sasa sauti yangu imekuwa mkwaruzo. Hospitali wanasema ni "komplikesheni", siyo uzembe, kwa hiyo nisihangaike na wakili. — Aliyekuwa anaimba kwaya*

Komplikesheni ni tatizo linalojulikana linaweza kutokea hata kazi ikifanywa vizuri. Mshipa wa fahamu wa sauti unapita nyuma ya tezi hiyo, kuuharibu ni hatari inayojulikana. Lakini "inaweza kutokea ukifanya vizuri" na "hukufanya vibaya" siyo sentensi moja, inaweza kutokea ukifanya vibaya pia. Neno lenyewe halimsafishi mtu wala halimfungi.

Yapo maswali mawili. La kwanza, daktari alifanya kama madaktari wengine wenye kujua kazi wangefanya? Hicho ndo kipimo cha kesi ya Bolam ya Uingereza, 1957, na mgonjwa alishindwa. La pili, ulielezwa kabla? Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza kwenye kesi ya Montgomery iliamua kwamba daktari lazima akwambie hatari ambayo mtu aliye kwenye nafasi yako angeiona ina uzito. Yule mama alikuwa na kisukari, hakuambiwa kwamba mabega ya mtoto yanaweza kukwama wakati wa kuzaa, yakakwama, mtoto akaumia ubongo. Kwa mwimbaji sauti ina uzito, sidhani kama nahitaji kulisema hilo kwa sauti. Tafuta fomu ya ridhaa uliyosaini, uone kama sauti imetajwa kwa jina au kuna mstari mmoja tu wa "hatari zote nimeelezwa".

*Binti yangu, ana miaka 22, alibakwa. Aliogopa, tukafika hospitali siku ya nne. Ripoti: "hakuna majeraha, kizinda kipo." Mpelelezi kasema hapa hakuna kesi. — Mama*

Mama, pole sana, na mwambie binti pole.

Hiyo sentensi ya daktari inaelezea alichokiona siku ya nne, basi. Sehemu hizo zinapona haraka kuliko ngozi ya mkono, na wengi waliobakwa hawakutwi na jeraha lolote hata wakipimwa siku hiyo hiyo, kwa sababu woga unamgandisha mtu, hapigani. Kizinda nacho siyo mlango unaovunjwa, ni ngozi inayovutika, kuna walioingiliwa na kinaonekana kilivyo na kuna wasioguswa na kina mikato yake ya kuzaliwa. Oktoba 2018 Shirika la Afya Duniani, ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa na UN Women walitoa tamko la pamoja kutaka kipimo cha ubikira kikomeshwe, wakisema hakina msingi wa kisayansi. Kwa hiyo "kizinda kipo" haikupaswa kuwa jibu la swali lolote.

Muombeni daktari aongeze sentensi moja, kwamba kutokuwepo kwa majeraha hakupingani na maelezo ya mgonjwa. Ni sentensi ya kweli, ya kawaida, na daktari yeyote anayefanya kazi hii anaifahamu. Halafu mtakuta pameandikwa "anadai kubakwa", lisiwachome, madaktari wanaandika "anadai" kwa kila kitu ambacho hawakukiona kwa macho yao, anadai kuumwa jino, anadai kuanguka. Wakili wa mshtakiwa atalitamka kwa kejeli, nimewasikia. Na kazi ya kusema kesi ipo au haipo siyo ya mpelelezi kwa mstari mmoja, ushahidi wa binti mwenyewe ni ushahidi, na kama polisi wanasita fikeni kwa mwendesha mashtaka.

*Mdogo wangu anashtakiwa kumkata mtu kwa panga. Yeye anasema walipigana kwa fimbo, panga hakulishika. Ripoti imeandika "laseresheni" ya kichwani, sentimita 6. Je, inamaanisha kakatwa? — Kaka mkubwa*

Hii nimeiacha mwisho kwa sababu nina deni nayo.

Kwa wataalamu wa uchunguzi wa majeraha, laseresheni ni jeraha la kuchanika, ngozi imepasuka kwa kupigwa na kitu butu au kubamizwa. La kukatwa na kitu chenye makali lina jina lake lingine. Kwenye kichwa vinafanana sana kwa macho, maana chini ya ngozi kuna mfupa mgumu, ukipigwa rungu ngozi inapasuka mstari mmoja kama umepitisha kisu. Tofauti iko ukisogea karibu: la kuchanika kingo zake zimepondeka na zina mikwaruzo, na ndani utaona nyuzi za nyama zimevuka kutoka upande huu hadi ule hazijakatika, la makali kingo zake ni safi na nyuzi zote zimekatwa. Tatizo ni kwamba daktari wa zamu ya usiku mwenye wagonjwa arobaini anaandika laseresheni kwa kila kilicho wazi kinachotaka kushonwa. Kwa hiyo neno peke yake halimwokoi mdogo wako wala halimzamishi.

Mwaka wangu wa pili kazini nililisoma neno hilo hilo mbele ya hakimu nikasema "jeraha la kukatwa". Sikujua hata kama nimekosea. Shahidi alikuwa ametoka kusema waligombana kwa mpini wa jembe, na hapo hapo akaonekana mwongo, wakili akamrukia kwa dakika ishirini nzima, mpini unakataje, tueleze mpini unakataje, yule baba anahangaika anatutazama kama tumechanganyikiwa. Aliyekuja kunisahihisha ni daktari mwenyewe, alipopanda kizimbani alasiri akaulizwa kuhusu "kukatwa" akasema mi sijaandika hivyo. Hakimu akaamuru kumbukumbu zirekebishwe. Yule shahidi hakurudi mchana ule, nasikia alikwenda zake nyumbani, na mi sikupata nafasi ya kumwomba radhi.

Kwa hiyo wakili wenu amwite daktari aliyemshona yule mtu, siyo aliyekuja kusoma faili baadaye, amuulize kuhusu kingo na amuulize kuhusu hizo nyuzi za nyama, moja moja. Na amuulize kama kuna mtu alipiga picha kabla ya nyuzi za kushonea kuingia, siku hizi manesi wengi wanapiga kwa simu kumtumia daktari bingwa, picha hiyo inaweza kuwa bado ipo.